Ukumbi wa kijiji mkoani Dodoma: tofali lipi, paa lipi, na nani ajenge

Kamati za ujenzi za vijiji na mitaa ya Dodoma zikikaa kikao cha kwanza, mjadala huangukia bei ya tofali moja. Hapo ndipo hesabu zinapoanza kupotea. Kwenye jengo la jamii la kawaida, saruji nyingi huzama kwenye msingi na jamvi, yaani sakafu ya zege, na ukuta hufuata nyuma. Zaidi ya hapo, tofauti kati ya tofali na tofali kwenye karatasi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachotofautisha jengo litakalodumu miaka 40 na lile litakaloanza kupasuka msimu wa pili ni udongo uliopo chini, maji ya kumwagilia, na mtu anayesimama pale kazi inapofanyika. Ulinganisho huu umepangwa kwa kufuata mambo hayo.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue jengo moja la mfano: upana mita 8, urefu mita 20. Mita 14 ni ukumbi, na mita 6 zilizobaki zina ofisi ya mtendaji na stoo. Ukumbi huo ni mita za mraba 112, watu 130 hadi 140 wakikaa kwenye viti. Kuta zote, pamoja na mbili za ndani, zina urefu wa mita 70. Zikipanda mita 3 na ukiondoa milango na madirisha, zinabaki mita za mraba 170 hivi za kujenga.

Sasa angalia saruji kabla ya tofali hata moja kulazwa. Jamvi la sentimita 10 kwa jengo hili ni mita za ujazo 16. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), hiyo ni mifuko 100 ya kilo 50. Zege la ukanda wa msingi, upana sentimita 60 na unene sentimita 15, kwa 1:3:6 linakula mifuko 28 hivi. Lenta, mkanda wa zege lenye nondo unaopita juu ya madirisha na milango, ikizunguka kuta zote inakula 15. Tayari mmefikia mifuko 143, na kuta za msingi zenyewe bado hazijahesabiwa.

Kwanza udongo wa kiwanja

Eneo la mbuga na eneo la udongo mwekundu wenye kichanga ni ujenzi wa aina mbili, hata ramani ikiwa moja. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, kisha miezi saba ya ukame mkali, kwa hiyo mwendo huo wa kuvimba na kusinyaa hapa ni mkubwa. Nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha mara nyingi chanzo chake ni hicho, wala si tofali mbovu.

Chimbeni mashimo matatu ya majaribio, moja kwenye kila pembe kati ya zile mbili za mbele na moja katikati ya ukuta wa nyuma, kina cha mita 1.5. Udongo mweusi ukiishia kwenye sentimita 80, uondoeni wote chini ya jengo na nje yake kwa upana wa mita moja, mjaze kifusi cha changarawe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikilowanishwa na kushindiliwa. Ukiendelea zaidi ya mita 1.5, hameni kiwanja. Kijiji kina ardhi. Kubadilisha kiwanja ni rahisi kuliko kufukua lori kwa lori. Wanaoshikilia kiwanja kibaya kwa sababu kiko karibu na barabara hulipia uamuzi huo kwenye msingi.

Pale kwenye vilima vya mawe, kama ilivyo sehemu nyingi za kuzunguka jiji, msingi wa mawe ni nafuu na imara. Mawe na nguvu za wananchi za kuyasomba ndiyo mchango bora ambao kijiji kinaweza kutoa, kwa kuwa jiwe halihitaji ustadi wa kulitengeneza na haliozi likikaa miezi minne kusubiri fedha.

Tofali tatu

Uchaguzi wa kawaida ni kati ya tofali za saruji na mchanga za inchi 6, tofali za kufungamana za udongo na saruji, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezisambaza kwa miaka mingi, na tofali za kuchoma. Kwa jengo letu la mfano:

| | Saruji na mchanga (sm 45 × 22.5 × 15) | Kufungamana (sm 30 × 15 × 10) | Kuchoma (inchi 10 × 6 × 4) |
|---|---|---|---|
| Idadi, pamoja na zitakazovunjika | 1,600 | 6,000 | 6,000 |
| Saruji ya kufyatulia | mifuko 80 | mifuko 75 | hakuna |
| Saruji ya kujengea | mifuko 15 | mifuko 2 | mifuko 30 |
| Lipu ndani na nje | mifuko 30 | si lazima | mifuko 30 |
| Jumla ya saruji | 125 | 77 | 60 |
| Maji ya kufyatua, kumwagilia na kulowesha | lita 13,500 | lita 13,500 | lita 18,000 |

Hesabu hizi zimechukulia kwamba mfuko mmoja unatoa tofali 20 za inchi 6, au 80 za kufungamana. Badilisheni mkijua za kwenu.

*Tofali za saruji.* Uzuri wake ni kwamba kila fundi anazijua, ukuta unapanda haraka, na nafasi za kukosea ni chache. Ubaya wake uko kwenye mfuko. Tofali moja la inchi 6 lina uzito wa kilo 30 hivi. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa 1:8 wa uzito unatengeneza mchanganyiko wa kilo 450, yaani tofali 15. Ukitoa 20, uwiano umeshafika 1:11. Ukitoa 30, ambako wafyatuaji wengi wa kando ya barabara hufika, mko kwenye 1:17, na hilo ni tofali la uzio. Kwa ukumbi wa watu 130, tofali 20 kwa mfuko ndio mwisho wetu.

Kosa la pili ni jua. Tofali hufyatuliwa asubuhi, mchana jua la Dodoma na upepo wa Julai vinanyonya maji yote kabla saruji haijashika, na jioni tofali limekuwa gumu kwa kuonekana tu. Kukauka si kukomaa. Zifunikeni kwa nailoni au magunia kuanzia saa chache baada ya kufyatua, zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7, na zisijengewe kabla ya siku 28. Kupima ni rahisi: kwangua pembe kwa msumari wa inchi 4. Ukipata unga mwingi na msumari ukazama, rudisheni shehena nzima. Njia salama ni kijiji kununua saruji chenyewe, mfyatuaji alipwe kwa tofali, na mjumbe mmoja wa kamati abaki pale akihesabu tofali kwa kila mfuko unaofunguliwa.

*Tofali za kufungamana.* Saruji mnayookoa haitoki sana kwenye tofali lenyewe. Inatoka kwenye udongo wa kujengea (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia tofali) na lipu ambavyo hamvihitaji. Mkiishia kupiga lipu pande zote mbili kwa sababu ukuta umepinda, sehemu kubwa ya faida imekwenda. Kwa hiyo aina hii inafaa pale tu mnapoweza kuifanya vizuri.

Udongo mwekundu wenye kichanga unafaa, mbuga haifai hata kidogo. Chekecheni kwa waya wa tundu za milimita 5. Tengenezeni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60 na upana na kina cha sentimita 4, pakeni mafuta ndani, jazeni udongo uliolowa vizuri bila saruji, muanike siku 3 juani au wiki moja kivulini. Sukumeni udongo uliokauka upande mmoja na pimeni pengo. Pengo likiwa chini ya milimita 15, uwiano wa 1:18 kwa ujazo unatosha. Milimita 15 hadi 30, tumieni 1:16. Milimita 30 hadi 45, 1:14. Milimita 45 hadi 60, 1:12. Likizidi 60, ongezeni mchanga wa korongoni na mpime upya. Kipimo hiki hakigharimu chochote na ndicho kinachoamua kama mfuko utatoa tofali 65 au 95.

Unyevu wa mchanganyiko: finyanga tonge mkononi, liachie kutoka usawa wa kifua. Likipasuka vipande vinne au vitano, uko sawa. Likitawanyika kama unga, ongeza maji kidogo. Likibaki bonge, maji yamezidi. Mchanganyiko wenye saruji utumike ndani ya saa moja. Changanyeni toroli chache kwa wakati, si lundo la kutwa nzima.

Halafu kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali. Hii ndiyo kazi yote. Inalazwa juu ya udongo wa saruji, kwa kamba na pima maji, tofali kwa tofali. Mkikosea milimita 5 pale chini, hakuna udongo wa katikati wa kurekebishia, na juu ukuta utakuwa umeegama. Fundi ambaye hajawahi kujenga tofali hizi msimpe jengo la umma kama mahali pa kujifunzia. Ajenge choo cha nje kwanza. Kozi tatu za chini upande wa nje zipigwe lipu ya 1:4, kwa sababu matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini hula udongo polepole, na paa lizidi ukuta kwa sentimita 60 angalau.

*Tofali za kuchoma.* Zina nguvu ya kutosha, hazili saruji, na mafundi wapo kila wilaya, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa. Maji yake ni mengi lakini hutumika korongoni yalipo, mara nyingi mwishoni mwa mvua, si kwenye kiwanja. Gharama yake halisi ni kuni. Kwa mkoa ulio na miti michache namna hii, tanuri la tofali 6,000 ni mzigo ambao haumo kwenye bajeti ya kamati lakini kijiji kinaulipa, na kuvuna kuni hizo kunahitaji kibali. Kama kijiji hakina pumba za mpunga, kama zilizopo kule Bahi kunakolimwa mpunga, au mabaki mengine ya kuchomea, tungeiweka aina hii nafasi ya tatu.

Ukiichagua, kagueni tanuri likifunguliwa. Tofali za pembezoni huwa hazijaiva: zina rangi hafifu na ukizigonganisha mbili zinatoa sauti butu badala ya mlio wa chungu. Zitengwe, zisije zikajaziwa katikati ya ukuta mahali pasipoonekana. Ziloweshwe kabla ya kulazwa, la sivyo zitanyonya maji ya udongo wa kujengea na kuuacha ukiwa mchanga mtupu.

Tukilazimika kusema: kijiji chenye udongo mwekundu, fundi aliyewahi kujenga kwa tofali za kufungamana na mhandisi wa halmashauri anayefika angalau mara moja kwa wiki, kichukue za kufungamana. Kisicho na moja ya hivyo vitatu, kichukue za saruji na kulinda hesabu ya mfuko. Wazee wa Kigogo walijenga tembe kwa kuta nene na paa la udongo, na ndani palikuwa na baridi ya kupendeza mchana wa Oktoba. Ukuta wa sentimita 15 wa aina yoyote kati ya hizi haufikii ubaridi huo. Ubaridi wa ukumbi wa leo utautafuta kwenye paa, kivuli na upepo.

Maji: kiasi kile kile, ubora tofauti

Lita 13,500 ni madumu 675 ya lita 20, au boza moja la lita 10,000 na theluthi yake na kidogo. Si kiasi cha kutisha. Kinachotisha ni kwamba yanatakiwa kila siku, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima mfululizo, na kijiji kinapata maji siku mbili kwa wiki. Tanki la lita 5,000 lifike kiwanjani kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Baadaye litavuna mvua ya paa, kwa hiyo si hasara.

Jambo la pili ni chumvi. Visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvi. Maji hayo ndani ya zege lenye nondo huozesha chuma taratibu. Miaka michache baadaye lenta inapasuka kwa urefu, kutu inatoka kama mstari wa kahawia, na vipande vinaanza kudondoka juu ya vichwa vya watu. Hapa kuna nafuu ambayo kamati nyingi haziioni: zege la lenta yote ya jengo letu linahitaji lita 400 tu za maji ya kuchanganyia, mapipa mawili. Hata kama maji baridi, yasiyo na chumvi, yanatoka mbali, mapipa mawili yananunulika, na mengine kama hayo ya kumwagilia. Jamvi lisilo na nondo huvumilia zaidi, ingawa litatoa ungaunga mweupe.

Lenta haikatwi

Wapo wanaoweka lenta juu ya madirisha na milango tu ili kuokoa nondo. Dodoma iko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na matetemeko hapa husikika. Lenta inayozunguka jengo zima bila kukatika ndiyo inayozishika kuta zisifunguke kwenye kona. Kwa mita 70 mnahitaji nondo 4 za milimita 12 kwenda mfululizo: vipande 26 vya mita 12, pamoja na maungio ya sentimita 60. Ringi (vyuma vinavyozifunga nondo hizo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20 ni 350, zitakazotoka kwenye vipande 19. Kwenye kona, nondo zipindwe na kuingia upande wa pili kwa sentimita 60. Nondo mbili zinazokutana kwenye kona na kuishia hapo hazishiki chochote. Msimamizi asiruhusu zege limwagwe kabla hajaziona kona zote nne.

Paa la mbao au la chuma

Kwa upana wa mita 8, mbao zinatosha. Kenchi (fremu za kubeba paa) 18, moja kila mita 1.2, mbao za inchi 2 × 6 kwa miguu na 2 × 4 kwa ndani, papi (mbao za kupigilia bati) za 2 × 2. Mbao za paina kutoka Mufindi hufika Dodoma kwa barabara ya Iringa na ndizo zinazopatikana kirahisi. Mchwa wa hapa hauna huruma, kwa hiyo nunueni zilizopigwa dawa kwa mtambo. Kila mnapokata mbao, ncha mpya ipakwe dawa tena, kwa sababu katikati ya mbao dawa haikufika. Mbao mbichi itapinda baada ya bati kupigwa na kung'oa misumari. Ipangeni kivulini wiki tatu na vijiti katikati ili hewa ipite.

Chuma kinaanza kuwa na maana pale mnapotaka ukumbi wa mita 10 na kuendelea bila nguzo katikati, au mahali ambapo mchwa umeshakula paa mara mbili. Kinahitaji umeme au jenereta, fundi wa kuchomelea mwenye ujuzi, na rangi ya kuzuia kutu kila sehemu iliyochomelewa. Viungo vya kenchi ya chuma vikichomelewa kwa vitone badala ya mstari kamili, huwezi kujua kwa kutazama kutoka chini. Kwa hiyo chuma na fundi asiyesimamiwa havikai pamoja.

Iwe mbao au chuma, bati hung'olewa kwa sababu moja zaidi ya nyingine zote: kenchi haikufungwa kwenye ukuta. Habari za shule zilizoezuliwa mwanzoni mwa mvua mnazisikia kila mwaka. Wakati wa kumwaga lenta, chomekeni vipande vya nondo ya milimita 8, kila palipo kenchi, vikiwa vimenasa kwenye nondo za chini za lenta na kubaki nje sentimita 40 kila upande. Kenchi ikikaa, vinapindwa juu yake na kupigiliwa. Waya wa kufungia nondo peke yake hautoshi.

Bati geji 28, si 30. Geji ndogo ndiyo bati nene, na wauzaji hawalisemi hilo hadi uulize. Dari iwekwe ukumbini hata kama ofisi itasubiri: bila dari, mvua ikinyesha mkutano unasimama, na saa nane mchana joto linashuka kutoka kwenye bati moja kwa moja. Achieni matundu ya waya kwenye pembe za juu za paa ili hewa ya moto itoke. Madirisha yawe kwenye kuta ndefu, na kuta hizo zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na jioni likutane na kuta fupi.

Fosi akaunti au mkandarasi

Kwa fosi akaunti, kijiji au kata inanunua vifaa na kumlipa fundi kwa ufundi tu. Mkandarasi anachukua yote kwa bei moja. Mwaka 2021/22 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, kila moja kwa shilingi milioni 20, na fosi akaunti ndiyo iliyoyabeba. Wengi wamechukua somo kwamba njia hii inafaa kila jengo. Darasa ni jengo dogo, ramani ni ile ile, mhandisi ameliona mara mia, na kosa la darasa moja lilisahihishwa kwenye la pili. Ukumbi wenu ni wa pekee: hakuna wa pili wa kusahihishia.

Fosi akaunti inawafaa mkiwa na kamati tatu ambazo kweli ni tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Anayenunua asiwe anayepokea. Kamati ya mapokezi iwe na mtu anayejua kutofautisha nondo ya milimita 12 na ya 10 kwa kipimo, si kwa macho. Rula ya kubania ni kitu kidogo cha kununua na hulinda kitu kikubwa. Kokoto na mchanga vipimwe ndani ya lori kabla ya kumwaga: urefu, upana na kina kwa futi kamba, kwa sababu "tripu moja" si kipimo. Daftari la stoo lioneshe kila mfuko uliotoka, tarehe, kazi uliyokwenda kufanya na sahihi mbili. Manunuzi yenyewe yanapita kwenye NeST, mfumo wa mtandao wa manunuzi ya umma, kwa hiyo anzeni mapema. Wazabuni wadogo wa wilayani wasiosajiliwa humo watawachelewesha.

Udhaifu wake mkubwa ni baada ya kazi. Fundi akishalipwa awamu ya mwisho, ufa utakaotokea miezi sita baadaye ni wenu. Zuieni asilimia 10 ya fedha ya ufundi hadi mvua ya kwanza ipite, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajashika mwiko.

Mkandarasi ni ghali zaidi kwa sababu bei yake ina faida, uendeshaji na kodi. Mnacholipia ni kipindi cha matazamio ambacho anawajibika kurekebisha kasoro, na vifaa vikipanda bei katikati ya kazi, kwa mkataba wa bei isiyobadilika, mzigo ni wake. Awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa daraja linaloruhusu thamani ya kazi yenu. Tungemchagua pale panapokuwa na paa la chuma, jengo la ghorofa, au kiwanja cha mbuga. Kwa jengo letu la mfano kwenye udongo mzuri, fosi akaunti yenye mhandisi anayefika inatosha.

Kuna njia ya katikati isiyotumika vya kutosha: wananchi na fosi akaunti kwa msingi, kuta na lipu, kazi ya lenta na paa apewe mwenye ujuzi uliothibitishwa kwa mkataba wake. Makosa ya ukuta hurekebishika, ya paa huua.

Mambo ya ramani yasiyogharimu sana yakiingizwa mapema

Ukumbi wa siku hizi haukai kusubiri mkutano mkuu tu. Siku za kliniki ya mkoba watoto hupimwa humo, Jumamosi unakodishwa kwa harusi, wakati wa uchaguzi ni kituo cha kura. Kwa hiyo milango miwili ya upana wa mita 1.5, kila mmoja upande wake, ikifunguka kwenda nje. Umati ukikimbilia mlango unaofunguka ndani hauwezi kuuvuta. Ofisi na stoo ziwe na mlango wao wa nje ili mtendaji afanye kazi shughuli zikiendelea.

Njia ya mteremko kwa watu wenye ulemavu, ambao Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kuyafikia majengo ya umma, ihesabiwe mwanzoni. Kwa mwinuko wa 1:12, sakafu iliyo sentimita 45 juu ya ardhi inataka mteremko wa mita 5.4. Ikisahaulika, mwisho wa kazi hupachikwa kiteremko cha mita 2 ambacho hata mwenye nguvu hawezi kupanda nacho kiti cha magurudumu. Ukipunguza mwinuko wa sakafu hadi sentimita 30, mteremko unakuwa mita 3.6, ila hakikisheni maji ya mvua hayapiti hapo.

Paa letu, pamoja na vizidio vyake, linafunika mita za mraba 195. Kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, na tukitoa sehemu ya tano inayopotea, mnavuna karibu lita 86,000. Hakuna kijiji kitakachonunua matanki ya kuzihifadhi zote, lakini lita 20,000 zikijaa mwezi Aprili zinatoa lita 93 kwa siku hadi mwisho wa Novemba, maji ya choo na ya kunawa. Mabano ya mifereji yafungwe kwenye mbao za ukingo kabla ya dari, maana baadaye hakuna pa kupigilia.

Kumaliza kwa mara moja au kwa awamu

Maboma yasiyoezekwa yapo kila wilaya ya mkoa huu, na mengi yaliachwa usawa wa lenta. Kama fedha yote haipo, swali la kuuliza si "tuanze au tusianze" bali "tusimame wapi". Jengo lina vituo viwili salama vya kusimama: msingi uliojazwa kifusi na kumwagwa jamvi, au jengo lililoezekwa. Ukuta uliosimama bila paa unakunywa mvua kutokea juu kwa miezi mitano; kwa tofali za kufungamana ni msimu mmoja au miwili kabla ya kozi za juu kumeguka.

Kwa hiyo fedha ya nusu ijenge nusu ya jengo hadi bati, isijenge jengo zima hadi nusu ya ukuta. Kwenye mfano wetu, ofisi na stoo za mita 6 zijengwe kamili kwanza, ukuta wa kati ukiwa na nondo za lenta zilizoachwa nje sentimita 60 kuelekea ukumbini, zikipakwa saruji ya maji na kufungwa nailoni zisishike kutu. Mwaka wa pili ukumbi unaungwa hapo.

Kalenda inayowezekana: mkutano wa kijiji na mashimo ya majaribio Mei, mawe na mchanga Juni watu wakitoka mashambani, msingi Julai bajeti ya mwaka mpya wa fedha ikifunguka, tofali zikiwa zinakomaa wakati huo huo, kuta Agosti na Septemba, lenta mwanzoni mwa Oktoba, bati kabla ya Novemba 20. Kama hadi mwisho wa Septemba kuta hazijaanza, simameni kwenye jamvi, lifunikeni kwa mchanga wa sentimita 5 mnaoumwagilia kwa wiki mbili, na tofali zipangwe juu ya mbao, zikiwa zimefunikwa bati kuukuu, hadi Mei.